Nati Nilizokaza kwa Paipu

Mpendwa mshauri, nakuandikia kwa sababu jambo hili limenizidi na hakuna mtu wa nyumbani, hata mke wangu, ninayeweza kumwambia. Mimi ni fundi wa magari, niko na gereji ndogo hapa Muthetheni, na mwaka jana nilinunua ile spana ya kupima nguvu, ile unayoiwekea kipimo na nati ikikaza ya kutosha inalia tik na unaacha, lakini wateja wetu hawakuipenda, maana mteja wa huku asipokuona umechomeka paipu kwenye spana na kuikanyaga hadi jasho likutoke, anaona umemfanyia kazi nusu, na mimi kwa kupenda sifa nikawa nasikia tik kisha naongeza paipu ili waridhike.

Mwezi wa Februari, Mbithi, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alileta pikapu yake nimbadilishie tairi kabla ya kubeba ndengu, nikakaza, spana ikalia, akanicheka, akasema, "Ngui, hiyo kitu inalia tu kidogo na unaacha? Kaza ya ukweli bwana, niko na mzigo." Nikachukua paipu, nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili, naye akanipigia makofi. Siku ya tatu gurudumu lilichomoka kwenye mteremko, pikapu ikabingirika, Mbithi akafa papo hapo.

Nilienda kusaidia kuvuta gari nikaona bolti zote tano zimevutika na kukatika shingoni, nikajua ni mimi, nikazitia mfukoni kabla mtu hajaziangalia. Watu wakasema alikuwa amelewa, kwa sababu zamani alikunywa sana, ingawa mimi najua hakuwa ameigusa kwa miaka minne tangu aahidi mbele ya kanisa, na mke wake Nduku amekwisha kutoa picha yake ukutani. Amekuja gereji mara tatu kuniuliza, "Ngui, wewe ndio ulikuwa unajua hiyo gari. Niambie tu, alikuwa amerudia pombe?" Mara zote tatu nimemjibu sijui. Bolti ziko ndani ya mkebe wa majani chai chini ya kitanda changu. Naogopa jela, na macho ya Nduku nayaogopa zaidi. Nifanye nini?

Ngui, Muthetheni


Ngui, pole. Umezika rafiki, na najua hata ukifungwa miaka kumi hutaacha kumlilia. Hapo nakuhurumia. Lakini huruma yangu inaishia kwenye ule mkebe.

Spana yako ilikuambia ukweli. Bolti ikipita kipimo inavutika, inachoka, halafu inakatika siku ambayo hakuna anayeitazama. Wewe ulilijua hilo, ndiyo maana ukanunua kifaa. Kisha ukakitia aibu mbele ya wateja ili uonekane na nguvu. Na usiniambie Mbithi ndiye aliyesema ukaze. Mbithi alikuwa mkulima wa ndengu. Fundi ulikuwa wewe.

Kesho asubuhi, kabla ya kufungua gereji, nenda kwa Nduku pamoja na mkeo au mzee wa kanisa. Beba zile bolti. Mwambie gari ndiyo iliyovunjika, na wewe ndiye uliyezikaza hizo bolti kupita kipimo. Akilia, kaa hapo. Akikufukuza, toka kwa adabu. Kutoka hapo nenda kituo cha polisi uandikishe maelezo, na ukiweza kumpata wakili, utangulie kuongea naye. Siwezi kukuahidi kwamba watakuacha.

Kisha kuna jambo ambalo hukuniandikia hata mstari mmoja, na limeninyima raha. Ni magari mangapi mengine uliyoyakanyagia paipu? Wapigie simu wote leo hii, waache kuyaendesha, bolti zibadilishwe. Zifunge zikiwa safi na kavu, ukivuka kutoka nati moja hadi ile inayoitazama, na spana ikilia, toa mkono. Mwambie mwenye gari arudi baada ya kilomita hamsini uzipime tena. Atakayekucheka, mwache aende akachekee kwingine. Hilo paipu likate vipande.

Nduku anaishi akiamini kwamba mume wake alimdanganya hadi siku ya mwisho. Mbithi alikufa bila tone mdomoni, akiwa ameshika ahadi yake, na ni wewe peke yako unayejua. Mara tatu mjane huyo amekuja kwako kwa miguu yake kuuliza kama alikuwa amerudia pombe. Jibu ni hapana. Safari hii mpelekee wewe.