Chuma cha Tatu

Mkula

Mdogo wangu Evod,

Huku sote wazima. Mpunga umeanza kukomaa na ndege wametuandama. Mama anakusalimu, salamu zangu mimi utazipata ukishanijibu.

Jumapili tulikusikia redioni ukipiga marimba ya mkono, mama akapiga vigelegele. Mtangazaji akakuuliza nani katunga, nawe ukamjibu bila haya, "Ni wimbo wa asili, wa mababu." Akasifia pale unaporuka sauti moja, eti ndiyo mapigo ya kale ya bonde la Kilombero.

Mapigo ya kale! Evod, pale naruka kwa sababu chuma cha tatu cha marimba yangu kilivunjika, na ulikivunja wewe mwaka juzi ukifungulia soda. Wimbo niliutunga wiki hiyohiyo, jikoni, wewe umekaa mbele yangu unakula ubwabwa.

Babu gani huyo? Mwambie mtangazaji mtunzi yupo Mkula, anaitwa Agnella, na anashinda shambani akifukuza ndege.

Chuma nilishabadilisha. Siku hizi siruki. Wewe endelea tu kuruka.

Dada yako, ambaye hajafa bado,
Agnella