Chungu cha Dawa cha Kuang Yuezhen

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi cha mtaa, Foshan, tarehe 9 Novemba, asubuhi.

Jina: Kuang Yuezhen. Umri: miaka 61. Kazi: muuza uji wa mchele. Makazi: Kichochoro cha Visima Viwili, nyumba ya njia panda. Mjane, naishi peke yangu.

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sajenti Huo amenitaka niseme nilichokiona na kukisikia tu, nisiongeze maoni. Nitajitahidi, ingawa mdomo wangu anaujua. Amekula uji kwangu tangu akiwa shule.

Mnamo mwezi Agosti, Tan Ruiyin, binti mkubwa wa jirani yangu, alikuja kuazima chungu changu cha kuchemshia dawa. Alikuwa na miaka 28 na alitarajiwa kuolewa Oktoba. Siku ya chakula cha kukutanisha familia mbili, mama mkwe mtarajiwa alimwona akiongeza wali, akasema, "Mwanangu, hilo gauni tutakushonea au tutakujengea?" Watu walicheka. Ruiyin naye alicheka, akaweka vijiti vyake chini, na tangu hapo sikumwona akila kwa raha.

Nilimwambia, "Wewe huna unene, una afya. Mwambie huyo mama akajijengee mwenyewe."

Akasema, "Shangazi, Daktari Pang amenipima mapigo. Anasema bandama yangu imezidiwa na unyevu, chakula hakisagiki, ndiyo maana nimeumuka hivi. Ni dawa ya wiki mbili tu."

Daktari Pang simlaumu. Alimbandika vijimbegu masikioni vya kubonyeza njaa ikimjia, akamuumika mgongoni kwa vikombe, akamwandikia dawa ya wiki mbili, akamwambia arudi kupimwa mapigo kabla ya kuendelea. Ruiyin hakurudi. Alikwenda kuongeza dawa ileile kwenye maduka mengine.

Nalijua hilo kwa sababu ya makapi. Kwetu makapi ya dawa humwagwa njia panda, ili wapita njia wayakanyage na kuondoka na ugonjwa. Njia panda iko mbele ya meza yangu ya uji. Wiki mbili ziliisha, Septemba nzima ikaisha, na makapi yalikuwa bado yanamwagwa. Wateja wangu waliyakanyaga na mimi niliyakanyaga. Nilimgombeza Ruiyin, akacheka. Alisema, "Moyo unanienda mbio kidogo, Shangazi, lakini fundi amelipunguza gauni mara mbili." Alikuwa na furaha kweli.

Tarehe 3 Oktoba alianguka bafuni. Hakuamka. Tulimsindikiza kaburini wiki ileile aliyokuwa aolewe.

Chungu changu kilibaki kwao. Chungu cha dawa hakirudishwi, kwani anayekirudisha anakuletea ugonjwa mlangoni. Mwenyewe ndiye hukifuata, na hukifuata pale tu nyumbani kwake kunapokuwa na mgonjwa. Kwa hiyo nilikiacha.

Mnamo tarehe 7 Novemba, alfajiri, nilipotoka kupanga meza nilikuta makapi njia panda. Yalikuwa yanafuka mvuke. Harufu ilikuwa ileile ya dawa ya Ruiyin. Katika nyumba yao walikuwa wamebaki mama yake na mdogo wake, Tan Ruiting, mwenye miaka 20. Nilijipa moyo kwamba labda mama mtu anaumwa. Jana yalikuwepo tena, na uji wangu mwenyewe ulinishinda kumeza. Niliona kwamba namwogopa marehemu, na marehemu yule nilimpenda.

Leo asubuhi nilikwenda kugonga. Alifungua Ruiting. Tulizoea kumwita Andazi kwa ajili ya mashavu yake. Sikuwa nimemwona tangu mazishi. Mashavu hayapo. Masikioni alikuwa na vijimbegu, palepale vilipokuwa vya dada yake. Gauni jekundu la harusi lilikuwa limetundikwa kwenye mlango wa jikoni, na Mama Ruiyin amekaa mbele yake, bakuli la supu mkononi. Alikuwa analiambia gauni, "Kunywa kabla haijapoa. Unajidekeza mno."

Nilimvuta Ruiting pembeni. Nilimwambia dawa ile iliandikwa kwa mapigo ya mtu mmoja, na huyo mwenyewe imemuua.

Akajibu kwa sauti ya chini, "Mama hazungumzi na mimi, Shangazi. Anazungumza na gauni. Nikiweza kuingia humo, atakuwa anazungumza na mimi. Bado kidogo tu kiunoni."

Nilimgeukia mama yake nikasema, "Mama Ruiyin, nimefuata chungu changu."

Aliniuliza, "Kwako nani anaumwa?"

Anajua naishi peke yangu. Kwa jambo hilo mtu hasemi uongo, maana ni kujiitia ugonjwa. Nikasema, "Mimi." Na nadhani sikudanganya, kwani chakula hakinipiti.

Ruiting alikimbilia jikoni akakikumbatia chungu. Kilikuwa ndiyo kwanza kimeipuliwa, kikamuunguza mikono, na hakukiachia. Alisema, "Niache nimalize wiki hii, Shangazi. Nakuomba."

Mama yake, macho yakiwa kwenye gauni, akasema, "Ruiyin, mpe mwenyewe chungu chake. Kwake kuna mgonjwa."

Ruiting alikiachia papo hapo. Alikuwa anatabasamu.

Nimekileta chungu hapa na dawa yake ndani. Kipimeni mtakavyo, lakini sikuja kwa ajili ya chungu. Nimekuja ili mtu atumwe pale sasa hivi, kabla gauni halijamtosha yule mtoto.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, nami nimeyakubali kuwa ni yangu.

Sahihi: Kuang Yuezhen

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, Sajenti Huo Jianbo, kama yalivyotolewa. Chungu kimoja cha udongo kimepokelewa kikiwa bado na joto. Shahidi anaomba kisirudishwe kwake, akikihitaji atakifuata. Askari wawili walitumwa kabla hajamaliza kusomewa. Wamepiga simu: msichana amepatikana akiwa hai, mapigo ya moyo yakienda mbio sana, na anapelekwa hospitali. Aliwafungulia mlango akiwa amevaa gauni jekundu, limefungwa vifungo vyote. Alipoulizwa jina, alijibu kuwa yeye ni Tan Ruiyin.