Usifute Golsa

Baba, usifute kompyuta yoyote leo! Supu ya kondoo iko kwenye friji.

Yale majina ya kondoo uliyozipa kompyuta zetu, kaka Hallur ameyabadilisha asubuhi hii kwa mzaha. Ile kuukuu unayotaka kuifuta data uipe shule sasa inaitwa Flekka. Yangu sasa ndiyo Golsa, lile jina la kuukuu. Nilipofoka akacheka: "Kwani kondoo wenyewe wanayajua majina yao, mdogo wangu?" Akafunga chumba zilimo zote mbili, akaondoka na ufunguo.

~~Mfukuze.~~ Mpigie simu arudi.

Nakujua, unafuta kwa mbali, kwa jina tu, umekaa kwenye kochi. Mimi nakwenda mlimani kuswaga kondoo, huko simu haishiki. Baba, kwenye yangu imo sauti ya marehemu Mama akiwaita kondoo. Nakala sina.

Binti yako