Nyanya Ndani ya Gemu Lako

Mdogo wangu Rukia,

Salamu zako amenifikishia mama, pamoja na habari kwamba gemu lako limekamilika na kwamba wataka niwaandikie watu wake maneno ya kusema. Mama alinieleza huku akitabasamu. Mimi niliendelea kumenya viazi.

Wakumbuka tulivyoanza hapa Malindi, kwenye baraza la Nyanya, na kompyuta moja baina yetu? Mimi niliandika hadithi ya kuchagua: msomaji asoma kipande, kisha aamue, afungue mlango au apite zake, na akishaamua, njia ile nyingine imeshafungwa. Wewe ukaziunganisha njia zote ndani ya kompyuta. Nyanya macho yalikuwa yamemchoka, basi tulimsomea. Tulipofika mlangoni akasema, "Asifungue. Nyumba ya watu haingiwi bila hodi." Ikabidi tuongeze njia ya kupiga hodi. Tulicheka mpaka mbaazi zikaungua.

Kisha ukaanza kutaka gemu la kuvaa uhusika. Mchezaji ajiumbe mwenyewe, achague nguo na silaha, azidi nguvu kila anaposhinda, na mji auzunguke apendavyo. Nikakuuliza, "Na hadithi yangu je?"

"Dada, watu wataka kuishi mle ndani, si kusoma tu."

Nyanya akafariki. Nawe ukahamia Kilifi, ukampata Salim anayejua kuchora miji, na tangu hapo kila ukinipigia simu ni Salim kasema hivi, Salim kaona vile.

Jumamosi nilikuja kwenye maonyesho yenu. Hukuniona. Nilipanga foleni nyuma ya wasichana wa shule, nikiomba kimoyomoyo kompyuta izime. Haikuzima. Zamu yangu ilipofika, wewe na Salim mlikuwa mmetoka kwenda kula. Nikaingia mji wenu mle kwenye kompyuta, nikapita sokoni, nikakata kona, nikamkuta Nyanya ameketi barazani na leso yake ya zambarau.

"Karibu, mjukuu wangu. Niletee maji," yakatokea maandishi.

Nikamletea. Akaniongezea nguvu. Nikaondoka, nikarudi, akanikaribisha tena kama vile hatujaonana. Katika hadithi yangu, ukishalipita baraza lake umelipita. Kwako yupo tu, angoja. Nilikaa pale hata msichana aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega.

"Huyo bibi ni mzuri," akasema. "Mimi kila nikianza namletea maji kwanza."

Rukia, niliona wivu. Nyanya amwita mjukuu kila apitaye, na aliyemchora ni mtu asiyewahi kula hamri lake hata moja.

Tena maneno yenyewe si yake. Nyanya hakuwahi kusema "niletee maji." Alisema, "Koo lanikauka, na wewe umekaa tu wanitazama." Ukishamletea, alikuombea dua ndefu hata ukasahau ulikokuwa ukienda.

Bado nakuonea wivu, na Salim simpendi, wala sitajifanya nampenda. Muuza samaki na askari wa gemu lenu awaandike yeyote. Lakini maneno ya Nyanya asiyaguse mtu ila mimi. Nitakuja Jumapili, na kiti cha karibu nawe nataka nikikute kitupu.

Ni mimi,
Dadako