Neno Nililolitafsiri Sawasawa

Aabo,

Baba yangu, ninakuandikia kutoka Lafey, kwenye chumba cha walimu, watoto wameshakwenda nyumbani. Ndiyo, kazi niliipata. Nilichokitaka nimekipata, na nimeanza na hilo ili usije ukadhani ninalia kwa sababu nyingine.

Kwanza habari. Ngamia wako wamepelekwa Hulugho na mwanao Abdi, na wanaendelea vizuri. Kitanda chako amepewa jirani yetu wa mtaa wa Waberi pale Garissa, aliyevunjika nyonga. Fimbo yako ya sokoni anatembea nayo Yusuf, mwanao mwingine, hata akienda dukani tu, utafikiri amezaliwa nayo. Mimi sikuchukua kitu. Hakuna aliyeniuliza.

Unaikumbuka ile miwani? Kiharusi kilikuwa kimekuchukulia mkono wa kulia na Kiswahili chako chote cha sokoni, ukabaki na Kisomali nusu nusu. Mutiso, yule kijana wa kliniki anayewazoesha wagonjwa wa kiharusi kufikiri tena, akakuvalisha miwani mikubwa myeusi, na ndani yake mlikuwa na soko zima la mbuzi. Ulitakiwa umfuate mbuzi mmoja kwa macho asikupotee kati ya wengine. Ulicheka siku hiyo, mdomo umepinda. Ukasema mbuzi hawa hawana harufu. Nikamtafsiria Mutiso, naye akacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu pale. Wewe husemi Kiswahili tena, yeye hajui Kisomali, na katikati niko mimi.

Mimi, ambaye uliwaambia wageni wako kwa Kiswahili chako cha sokoni, nikiwa nimeshika birika mbele yao, "Huyu? Huyu kazi yake kubika chai tu." Nilikuwa na cheti cha ualimu siku hiyo, aabo. Kilikuwa sandukuni, chini ya kitanda chako. Na miezi yote mitano niliyokuosha peke yangu, ulikuwa unamwita Abdi. Nakamua kitambaa, unamwita Abdi, na Abdi yuko kwa ngamia wala hajui rangi ya beseni lako. Nilikuchukia. Umeshakufa, sina wa kumficha.

Barua ya kazi ya Lafey ilikuja wiki ile ile ya jaribio la nyuso. Mutiso alikuwa ametueleza: miwani ni moja na wanaoingoja ni wengi, kwa hiyo mgonjwa anayewatambua watu wake anaendelea, asiyewatambua anampisha mwingine. Ukiendelea, mimi ninabaki Garissa kutafsiri na kazi ya Lafey inanipotea. Ukishindwa, unahamia kwa mke wa Abdi, nami ninaondoka.

Ukavaa miwani. Picha zetu zilikuwa ndani, kila mmoja amekaa kwenye mkeka mbele yako. Akaja Abdi, ukamtaja jina. Akaja Yusuf, ukamtaja. Nikaja mimi. Mkono wako mzima ukainuka, ukapapasa hewa pale lilipokuwa shavu langu, ukasema, "Aabo."

Mutiso akaniuliza umesema nini. Nikamjibu, "Amesema baba." Akauliza kama unaniona mimi ni baba yako. Nikasema, "Mimi natafsiri tu, daktari." Akabonyeza alama nyekundu. Wewe hukujua. Ulikuwa bado unapapasa.

Maisha yangu yote hukuwahi kuniita hivyo. Abdi alikuwa aabo, Yusuf alikuwa aabo, mimi nilikuwa "wewe". Siku uliyoniita, mkoba wangu ulikuwa umeshafungwa. Ulichelewa.

Nyumbani nikawaambia umechanganyikiwa, kila mtu unamwona kuwa babu, baba yako. Wakaniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa kliniki. Miezi miwili baadaye simu ikapigwa, na nilipofika Waberi ulikuwa umeshazikwa. Mke wa Abdi akanishika mikono. Akaniambia, kwa huruma kabisa, kwamba siku zako za mwisho ulikuwa unaita "aabo, aabo" ukiutazama mlango, nao wakawa wanakutuliza kwamba babu yuko peponi anakungoja.

Mutiso alikuja kutoa pole. Alikuwa anakunywa chai Abdi alipomwita mwanawe mdogo, "Aabo, kaalay." Mutiso akauliza kwa nini mtu mzima anamwita mtoto baba. Abdi akamweleza kwamba kwetu baba humdekeza mwanawe kwa jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo aabo maana yake ni mwanangu. Mutiso akaweka kikombe chini. Akanitazama, akatafuta viatu vyake. Chai aliyoiacha nilikuwa nimeipika mimi.

Hapa shuleni akina baba huja kuwachukua watoto saa tisa. Lango zima huwa ni aabo, aabo. Mimi hufunga dirisha, na joto la Lafey unalijua.

Abdi atapiga simu Ijumaa, kama kawaida yake. Nitamwambia. Atauliza kwa nini, nami sitasingizia uchovu wala kazi. Nitamwambia nilikusikia vizuri, kwamba ulinitambua, na kwamba mlangoni ulikuwa unanitazamia mimi. Asiponipigia tena, basi. Hiyo ndiyo ahadi yangu, sina nyingine ya kukupa.

Mungu akurehemu, aabo. Ulijibu sawa.

Kaltuma