Upande Usiong'aa

Tarehe 4 Februari

Kidole, binti yangu,

Hujambo huko? Hizo mashine zenu za fotokopi hazijakuvunja mgongo? Mimi mzima, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu mama yako atutoke. Jana nilipanga kabati lake, na nyuma ya mablanketi nikaikuta ile projekta. Haijawashwa tangu hujazaliwa. Sandukuni mna gurudumu moja la filamu: mama yako, wiki ya harusi yetu, anatembea uani. Dakika tatu tu. Picha zake nyingine za ujana zililiwa na mchwa, unajua mwenyewe.

Nimeifungua. Skrubu nimezipanga kwenye trei ya mayai, moja moja, kwa zamu ya kutoka, kama nilivyokufundisha enzi unatia kidole kila saa ya mteja. Mkanda wa mota umekatika na lenzi imeota uchafu. Nishauri, fundi sasa ni wewe.

Baba yako

Tarehe 15 Februari

Baba, shikamoo.

Nimefurahi hadi nikacheka peke yangu kazini, wakaniona chizi. Mkanda mpya nimeuweka humu humu kwenye bahasha. Lenzi na kioo cha nyuma ya taa vipanguse kwa pamba na spiriti kidogo. Lakini filamu yenyewe usiitie spiriti, nakuomba. Ina upande unaong'aa na upande usiong'aa. Usiong'aa ndio wenye picha. Ukilazimika kuipangusa, tumia kitambaa kikavu, upande unaong'aa, basi.

Mbona mistari yako inapanda mlima? Unaandikia kitandani?

Binti yako

Tarehe 2 Machi

Kidole,

Marahaba, mwanangu. Ng'ombe hazeeki maini! Imewaka, inanguruma kuliko cherehani ya jirani. Nikatundika shuka ukutani, nikakaa. Nikaona ukungu tu, na kitu cheupe kinapita. Nadhani ndiye yeye. Nimeifungua tena, lenzi nimeisafisha mara mbili, ukungu uko pale pale. Skrubu moja ilianguka, nikaitafuta sakafuni kwa viganja tangu asubuhi hadi mchana.

Nataka kuuona uso wake mara moja tu. Nimeanza kuusahau, na hilo naona aibu kumwambia mtu mwingine.

Baba yako

Tarehe 13 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni, sikutaka wenzangu wanione nikilia. Jaribu kusogeza lenzi mbele na nyuma, taratibu, hadi picha itulie. Huenda pia kuna unyevu kati ya vioo vyake, vitenganishe uvianike. Ningekuja, lakini ruhusa sipati hadi Juni.

Halafu, macho umeyapima lini? Usinikasirikie. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Binti yako

Tarehe 9 Aprili

Kidole,

Salama? Mimi ni mzima. Macho haya yamefungua saa za watu miaka arobaini, yaache. Mbovu ni filamu. Nimeitandaza mezani karibu na dirisha, nikaisugua upande unaong'aa kama ulivyosema. Kitambaa kikavu hakikufua dafu, nikaongeza spiriti, tone tu. Nimesugua siku tatu, na naona mikono inateleza kwa uchafu uliotoka.

Ukungu bado. Nakutumia gurudumu lenyewe. Liangalie kwa macho yako ya ujana, uniambie kama uso umetokea.

Baba yako

Tarehe 20 Aprili (haikutumwa)

Baba,

Nimeiinua dirishani, kipande kwa kipande. Pembeni kuna ukuta na ncha ya kamba ya nguo. Katikati ni plastiki tupu, mwanzo hadi mwisho. Baba, umesugua upande wenye picha. Uliniambia ukungu, ukaniambia tena, nami nikakujibu habari za pamba. Ningekuja ile siku ya skrubu

Tarehe 20 Aprili

Baba, shikamoo.

Filamu imefika salama na imetakata. Uso wa mama umetokea vizuri kabisa. Anatembea uani, anageuka, anacheka. Sasa tulia, usifungue kitu tena. Nimelilia ruhusa wakanipa ya Mei, nakuja nikupeleke hospitali.

Binti yako

Tarehe 1 Mei

Kidole,

Marahaba. Mkono ni wa jirani wa cherehani, maneno ni yangu. Hospitali amenipeleka yeye. Wamesema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, watalinda kilichobaki. Kilichobaki kinanitosha kujua mlango uko wapi.

Jirani huyu alikuja kunifulia, akauliza kile kitambaa nimepangusia masizi? Kilikuwa cheupe, mwanangu. Hapo nikajua nilichofanya. Kesho yake barua yako ikafika, nikamwambia anisomee yote.

Siku ile mama yako alikuwa amenuna. Nilimsimamisha juani saa nzima nikihangaika na kamera ya kuazima, akaapa sitaliona hata jino lake moja. Dakika tatu zote kafunga mdomo. Nikambembeleza, nikamchezea kama mwehu, wapi!

Maji yakimwagika hayazoleki. Ukija, usinieleze kilichobaki kwenye filamu. Kaa karibu yangu, unisimulie tena pale anapogeuka na kucheka. Mimi siku ile nilishindwa kumchekesha.

Baba yako