Upepo Hautoki Ziwani

Jumatatu, 4 Machi 1991
Kliniki ya akina mama. Foleni mpaka uani. Mizani imekwama tena. Saa nane nikaitwa ofisini. Daktari Omollo, mkuu wetu hapa zahanati, amepata karatasi kutoka wilayani: kila lokesheni iandike mpango wa dhoruba. Karatasi yenyewe ni ya vimbunga vya baharini. Tazameni bahari, hameni pwani. Vimbunga hivyo havifiki huku Kisumu. Daktari amenakili tu, akafuta bahari akaandika ziwa. Mahali pa kukimbilia: zahanati.

Jumatano, 6 Machi
Nimewauliza wazee na akina mama wauza samaki. Jibu ni moja. Upepo unaong'oa mabati hapa hautoki ziwani. Unatoka nyuma yetu, milima ya Nandi, alasiri. Kwanza joto la kukaba, halafu kimya, halafu mvua ya mawe. Tungekaa tukikodolea ziwa macho, hatari iko mgongoni.

Jioni nimepanda meza, nikachokoa boriti ya wodi ya wazazi kwa mkasi. Mkasi ukazama. Mchwa. Nimeogopa.

Ijumaa, 8 Machi
Baraza kwa Chifu. Daktari akasoma mpango. Makofi. Nikasimama, nikasema zahanati si salama.

"Sista, wewe kazi yako ni kuzalisha," Daktari akasema. "Majengo waachie wenyewe."

Wakacheka. Nilichukia. Nikafungua leso, nikamwaga unga wa boriti mezani kwa Chifu. Kicheko kikaisha.

Maalim Juma wa madrasa akainuka. Darasa lao ni zege mpaka juu, tuje. Mama mmoja wa kanisani kwetu akanung'unika: wazazi walale madrasa? Chifu akamjibu, "Mama, upepo hauulizi dhehebu."

Mpango umeandikwa hivyo: kimbilio ni madrasa. Daktari ameondoka bila kuniaga.

Jumanne, 19 Machi
Daktari bado hanisemeshi. Ananiachia vikaratasi mezani. Sijali. Uongo, najali.

Alhamisi, 21 Machi
Nimewasha taa, niandike yote.

Saa tisa na nusu joto lilikaba. Kisha kimya, hata kunguru. Upande wa Nandi mbingu zikawa zambarau. Wodini walikuwa wazazi watatu, mmoja kajifungua asubuhi. Nikasema tunahama. Daktari akasimama mlangoni.

"Mawingu tu hayo, Sista."

Nikampita na vichanga wawili kifuani. Wazazi wawili wakanifuata. Wa tatu, yule wa asubuhi, hakuweza kutembea; mfagiaji wetu, Mama Atieno, alishika machela upande mmoja, akangoja. Daktari akatutazama. Kisha akainama, akashika upande wa pili.

Maalim amefunga, ni Ramadhani, lakini yeye ndiye aliyebeba madumu ya maji na kutandika mikeka. Aliyelala kwenye machela alipoingizwa tu, na kichanga chake ubavuni, mawe yakaanza. Tukasikia paa la wodi likiondoka. Sitaisahau sauti ile. Mlio mrefu wa misumari ikichomoka.

Tulipotoka, boriti ilikuwa imelala juu ya kitanda alichojifungulia yule mama. Godoro limepasuka katikati.

Hakuna aliyekwaruzwa. Najivuna. Acha nijivune.

Ijumaa, 22 Machi
Daktari amesema mbele ya wafanyakazi wote: "Niliandika bila kuinua macho. Sista aliinua." Nimemheshimu kuliko siku zote. Chifu anataka niende kueleza lokesheni jirani. Nimekubali kabla hajamaliza.

Jumapili, 24 Machi
Mama yangu amefika kutoka Awasi na viazi vitamu. Habari ilimfikia sokoni. Akazunguka wodi iliyo wazi, akatazama angani, akarudi.

"Nyathina, mwanangu, ni wewe uliwatoa?"

"Ni mimi, Mama."

Amevua viatu, ameketi nje, anamenya viazi. Mimi naanika kadi za kliniki zilizolowa kwenye nyasi, moja moja, jina juu. Jua ni la upole. Naona akinitazama, halafu anajifanya hatazami.